Nukta Haina Jina

Posti ya leo ni ndefu. Ukiwa na haraka ihifadhi uisome ukitulia, lakini usiipite.

Nianze kwa kukiri kosa langu. Kuna usiku tulikuwa na kikao cha vijana huku Lamu, tumekaa barazani baada ya Isha. Ndege ikasikika juu, ile sauti ya kuzunguka tu bila kuondoka, na kijana mmoja akaniuliza, "Kaka, hii inatuona?" Nikajibu kwa kujiamini kabisa: inawaona nyote, inajua uko wapi, inajua unaitwa nani, hata ukiwa ndani ya nyumba. Watu wakanyamaza. Wiki mbili baadaye mama mmoja akaniambia mzee wake ameacha kwenda shambani alfajiri, eti kwa sababu ya maneno ya yule kijana wa haki za binadamu.

Yule kijana ni mimi. Na wallahi nilikuwa sijui ninachosema.

Kwa hivyo nikasoma. Nimesoma sana kuhusu aina moja ya rada, ile inayowekwa kwenye ndege kutafuta vitu vinavyotembea polepole juu ya ardhi: gari, pikipiki, mpaka mtu anayetembea kwa miguu. Nataka nikueleze inavyofanya kazi, maana ukiielewa utaona ni wapi tunatakiwa kuogopa na ni wapi tunajitisha bure.

Rada yoyote inatuma mawimbi ya redio, yanagonga kitu, yanarudi kama mwangwi. Muda yanaochukua kurudi ndio unaoonyesha umbali. Hapo ni rahisi. Sasa kasi. Simama kando ya barabara, matatu ije ikiwa imebonyeza honi mfululizo. Inapokujia sauti ni nyembamba. Ikishakupita tu, sauti inashuka, inakuwa nzito. Dereva hajagusa kitu, honi ni ile ile. Christian Doppler, mwanasayansi wa Austria, alilieleza jambo hili mwaka 1842, na mawimbi ya rada yana tabia hiyo hiyo: kitu kikija upande wako mwangwi unabanana kidogo, kikienda zako unatanuka. Kompyuta inasoma tofauti hiyo na kusema, hiki kinatembea.

Tatizo ni kwamba ndege nayo inatembea. Ukiwa juu, ardhi nzima inaonekana inakimbia: minazi, mawe, mapaa ya makuti. Chukua rada yenye mawimbi bilioni 10 kwa sekunde. Mtu anayetembea mita 1.5 kwa sekunde akielekea kwenye ndege anayabadilisha mawimbi hayo kwa 100 tu. Mia moja katika bilioni 10! Lakini ndege ikienda kilomita 360 kwa saa, ardhi iliyo mbele yake, ambayo haijasogea hata nukta, inayabadilisha kwa zaidi ya 6,600. Iliyo ubavuni inabadilisha kidogo, iliyo nyuma inabadilisha upande wa pili. Kwa hivyo mwangwi wa ardhi umetapakaa kila mahali, na mtembea kwa miguu amezama humo kama mtu anayenong'ona ndani ya matatu yenye muziki wa kupasua masikio. Gari la kasi utalitoa humo. Mzee anayekwenda shambani ni kazi.

Wahandisi walifanya nini? Wakapanga antena kadhaa kwenye mstari, kufuata urefu wa ndege. Antena ya mbele inasikiliza ikiwa mahali fulani angani. Kufumba na kufumbua, antena ya nyuma inafika mahali pale pale na kusikiliza tena. Ukitoa mwangwi wa kwanza kwenye wa pili, kila kilichosimama kinajifuta chenyewe, na kilichosogea kinabaki. Kuna hesabu nzito juu ya hapo, ila wazo ndilo hilo. Mie nilipolielewa nilikaa dakika nzima nikisema subhanallah, maana ni akili kubwa. Tusijifanye si akili.

Historia yake ni ya vita. Mwaka 1991, kwenye vita vya Ghuba, Marekani ilirusha ndege mbili za JSTARS zikiwa bado za majaribio, zikafuatilia misafara ya vifaru na malori ya Iraq usiku. Ndege zile zilibuniwa kwa ajili ya vifaru vya Urusi huko Ulaya. Kisha vita vikabadilika. Afghanistan na Iraq adui hakuwa na vifaru, alikuwa na jembe na bomu la kufukia kando ya barabara. Ndipo katika miaka ya 2000 jeshi la Marekani na kampuni ya Northrop Grumman wakatengeneza rada ndogo zaidi, inayoitwa VADER, ya kumwona mtu anayetembea kwa miguu gizani. Ona safari yenyewe: kutoka kifaru, mpaka gari, mpaka mguu wa mwanadamu.

Haijali giza, wala mawingu, wala vumbi. Hapo inaishinda kamera. Lakini sikiliza isichoweza, maana hapa ndipo nilipowadanganya watu.

Haioni uso. Haijui kama umevaa kanzu au jezi ya Arsenal. Haijui jina lako. Kwa kuwa inategemea mwendo, ukisimama unapotea. Ukitembea kwa kukatiza, yaani huisogelei ndege wala huikimbii, mwangwi wako unafanana na wa ardhi, unazama tena. Matawi yakipigwa na upepo yanaweza kuleta ishara za uongo. Msitu mnene unaziba aina nyingi za rada hizi. Ng'ombe anatembea, punda anatembea, na wewe unatembea. Wapo wahandisi wanaojaribu kutenganisha mtu na mnyama kwa namna mikono na miguu inavyocheza, lakini hayo ni makisio ya kompyuta, asilimia fulani hivi, si ushuhuda. Anachokiona yule aliyekaa mbele ya skrini ni ramani yenye nukta, na nyuma ya kila nukta mkia mdogo unaoonyesha ilikotoka.

Nukta. Basi.

Najua unataka kusema, ah, kumbe haina neno. Ngoja kwanza.

Nukta haina jina, kwa hivyo lazima mtu aipe jina. Hiyo ndiyo hatari yenyewe, na haiko angani, iko chini. Nukta zinarekodiwa. Bomu likilipuka leo barabarani, mpelelezi anarudisha rekodi nyuma: nukta iliyosimama pale jana usiku ilitoka nyumba gani, ilipitia wapi, ilikutana na nukta zipi. Ukiniuliza kama jambo hilo ni baya, nitakwambia hapana, si lazima liwe baya. Aliyefukia bomu la kuua abiria wa basi akipatikana kwa njia hiyo, alhamdulillah. Sisi tunaoishi huku tunajua waliokufa kwa mabomu hayo ni akina nani. Ni polisi wenye watoto, ni madereva, ni wanakijiji wenzetu, na Waislamu wamo. Ukurasa huu haujawahi kuwatetea Al-Shabaab na hautaanza leo.

Lakini hebu tazama msikiti wako saa kumi na moja alfajiri kwa macho ya mtu asiyejua Alfajiri ni nini. Nukta moja inatoka nyumba ya kona. Nyingine inatoka uchochoroni. Nane, kumi na tano, thelathini, zote gizani, zote zinaelekea jengo moja. Zinapotea ndani kwa muda mfupi. Kisha zinatawanyika kila moja njia yake. Kesho hivyo hivyo, na keshokutwa. Sisi tunaiita jamaa. Mtu mwingine ataiita mkutano wa siri.

Usidhani natia chumvi. Tarehe 21 Februari 2010, mkoa wa Uruzgan, Afghanistan, magari matatu ya wasafiri yalikuwa njiani kabla ya kupambazuka. Wanajeshi wa Marekani waliokuwa wakirusha ndege isiyo na rubani kutoka Nevada waliyafuatilia kwa saa kadhaa. Msafara ukasimama, watu wakashuka wakaswali. Mazungumzo ya wale wanajeshi yalirekodiwa na baadaye yakatoka hadharani: waliichukua ile swala kuwa dalili kwamba hao ndio wapiganaji. Waliswali, basi ni Taliban. Helikopta zikaitwa, magari yakapigwa makombora. Kwa hesabu ya Wamarekani walikufa wanaume 15 au 16. Wazee wa vijiji vyao walihesabu 23, wakiwemo watoto wawili wadogo. Silaha za vita zilizodhaniwa hazikuwepo. Jenerali McChrystal akaomba radhi.

Na hao, ndugu yangu, walikuwa na kamera. Waliwaona watu wakisujudu. Haikuwa rada ya nukta. Ikiwa aliyeona sijda kwa macho yake aliisoma kama tishio, aliyeona nukta ataisoma vipi?

Karibu zaidi na hapa, tarehe 1 Aprili 2018, shambulio la Marekani kutoka angani karibu na El Buur, Somalia, liliua mama na mtoto wake mdogo wa kike. Mwanzoni jeshi lilisema hakuna raia aliyeguswa. Ilichukua mwaka mzima, hadi Aprili 2019, kukiri kwamba waliokufa walikuwamo mwanamke na mtoto, na kukiri huko kulikuja baada ya Amnesty International kutoa ripoti yake Machi mwaka huo kuhusu mashambulizi ya Somalia. Sitaki uone kisa hicho kama habari ya nje. Kiunga na Ras Kamboni kuna mpaka katikati, lakini kuna watu wenye shangazi upande huu na mjomba upande ule.

Wenzetu wa aina hiyo wapo hata Marekani. Rada ya VADER, baada ya kutumika Afghanistan, ilipelekwa pia jangwa la Arizona, kwenye ndege zisizo na rubani za idara ya mpaka. Hati za ndani zilizovuja mwaka 2013 zilionyesha kwamba kati ya Oktoba 2012 na Januari 2013, watu 1,874 walioonwa na rada walikamatwa na wengine 1,962 wakapita. Wanasiasa wakazishika zile namba wakazipeleka bungeni. Lakini jangwa lile ni nyumbani kwa watu pia. Wapo Tohono O'odham, wenyeji wa asili ambao ardhi yao ilikatwa na mpaka kabla hakujawa na rada wala ndege. Mzee wao akitoka usiku kutafuta ng'ombe wake, rada itamwekea nukta sawasawa na ya mvuka mpaka.

Sasa rudi nyumbani. Mwaka 2014, baada ya mauaji ya Mpeketoni, Lamu iliwekewa kafyu ya usiku. Wavuvi wetu nao waliwahi kukatazwa kuvua usiku kwa sababu za usalama, na wewe unajua samaki hawafuati saa za ofisi. Mwaka 2015 operesheni ikaanza katika msitu wa Boni, na Waaweer, ambao msitu huo ndio duka lao, hospitali yao na historia yao, wakajikuta kuingia msituni kurina asali ni jambo la kujieleza. Hakuna rada iliyohitajika kwa hayo yote. Huku kutembea usiku kulikwisha kufanywa kosa kabla mashine haijafika. Ndiyo maana nasema mashine ya kuhesabu nyayo ikiletwa mahali ambapo nyayo zinashukiwa tayari, haiji kusahihisha shuku. Inaipa ramani.

Na haituhakikishii hata huo usalama tunaoambiwa tuvumilie kwa ajili yake. Tarehe 5 Januari 2020 alfajiri, Al-Shabaab waliushambulia uwanja wa ndege wa Manda Bay, hapa hapa Lamu. Uwanja wenyewe ulikuwa wa ndege za upelelezi! Wapiganaji walitoka vichakani kwa miguu. Wamarekani watatu waliuawa, ndege zikaungua, ikiwemo ya upelelezi. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa Machi 2022 ilitaja uzembe na ulinzi hafifu wa chini. Hayo ndiyo yaliyowaangusha, mambo ya kawaida kabisa ya watu kutofanya kazi yao. Ungemuuliza mvuvi yeyote wa Manda, angekwambia kichaka kile kinapitika.

Je, ndege inayozunguka juu yetu imebeba rada hii, au kamera, au ni ya kubeba mizigo tu? Mwananchi hana pa kupata jibu, na hapo ndipo penye hoja yangu. Sitaki namba ya ndege, wala saa inayoruka, wala siri ya jeshi. Nataka kujua sheria: rekodi za mienendo ya Wakenya zinawekwa muda gani, nani anaruhusiwa kuzifungua, zinapewa nchi nyingine au hazipewi, na nukta ikipewa jina la uongo, mwenye jina alalamike wapi.

Usikubali mtu akwambie haya hayana sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha yako. Kweli, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 51, imeacha mlango kwa usalama wa taifa, na mlango huo serikali itaukimbilia. Lakini kifungu cha 24 cha Katiba kinasema haki ikipunguzwa, ipunguzwe kwa sheria, na kwa kiasi kinachofaa. Neno "usalama" peke yake si sheria.

Na tumeshawahi kushinda. Ndugu zetu Wanubi wa Kenya, kupitia Nubian Rights Forum, walikwenda Mahakama Kuu kuhusu Huduma Namba, na Januari 2020 mahakama ikakataa serikali isichukue DNA wala vipimo vya GPS vya mahali watu wanapoishi. Mahali tu! Mwendo wa usiku na mchana ni zaidi ya mahali. Oktoba 2021 mahakama hiyo ikasema tena kwamba kadi za Huduma zilitolewa bila kufanya kwanza tathmini ya athari kwa data za watu.

Kuna kesi nyingine nataka uitafute. Mji wa Baltimore, Marekani, mwaka 2020 polisi walirusha ndege zenye kamera juu ya karibu mji mzima mchana kutwa. Watu walionekana kama nukta, na polisi wakajitetea kwa hilo hilo: ni nukta tu, hatuoni sura. Kikundi cha vijana weusi wa mtaani, Leaders of a Beautiful Struggle, kikawashtaki. Juni 2021 mahakama ya rufaa ikaamua, kura 8 kwa 7, kwamba mpango ule ulivunja katiba yao. Sababu yao ni ya akili ya kawaida: nukta inayolala nyumba ile ile kila usiku tayari ina jina. Rekodi zilikuwa zinawekwa siku 45, na siku 45 zinatosha kujua mtu anaswali wapi, anatibiwa wapi, anampenda nani.

Hawakuwa mawakili wakubwa wale. Walikuwa watu wa vikao kama sisi. Mawakili walikuja baadaye.

Surat Al-Hujurat unaijua. Aya ya 6 inatuamuru tuhakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Aya ya 12 inakataza dhana na kupelelezana. Nilikuwa nazisoma aya hizo nikiwaza wao tu, wenye ndege. Ile ya 6 ilinigeuka: mimi ndiye niliyepeleka habari barazani bila kuhakikisha, na mzee akakosa msimu wa mtama kwa ajili yangu. Khofu nayo inatawala watu bila kupoteza hata lita moja ya mafuta ya ndege.

Tunachofanya sasa ni hiki. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila Mkenya haki ya kuomba habari kwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Ikikaa kimya au ikikataa, unakwenda kwa Ombudsman. Tumeandika barua yenye maswali yale manne niliyoyataja, ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida. Watatujibu kwamba ni siri. Sawa, watujibu hivyo kwa maandishi, wakitaja kifungu cha sheria. Jibu la kukataa lililoandikwa na kutiwa sahihi ni karatasi ambayo wakili anaweza kuingia nayo mahakamani. Manung'uniko ya barazani hawezi.

Ukitaka jina lako liwemo, tuma ujumbe kwa ukurasa huu, tutakuambia pa kutia sahihi. Dada zetu hasa, maana kwenye orodha ya kwanza mko wachache mno na usiku wa kwenda kujifungua nanyi mnatembea.

Nilirudi kwenye kile kikao. Niliwaambia mbele ya wote kwamba nilikosea, nikawachorea rada kwa mkaa ukutani, mwenye nyumba akanigombeza. Mzee alikuwepo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema atakwenda shambani Jumatatu in shaa Allah, lakini atatoka baada ya jua kuchomoza. Nilitaka kubishana naye, nikaona si haki yangu.

Maswali yaandikeni hapa chini, nitajibu ninayoyaweza. Ila tafadhali, usiweke picha ya ndege wala ya kambi, na usiandike ndege ilipita wapi saa ngapi. Utajitia matatani na utatuharibia kesi.